Karatasi, khanga na glovu: namna ya kuwafikisha wanafunzi mahali majibu ya ubongo yanapoishia

Vitabu vya baiolojia vikifika kwenye ubongo huandika kana kwamba kazi imeisha. Sehemu hii inaona, ile inakumbuka, ile ya nyuma inausaidia mwili usiyumbe. Mwanafunzi anakariri, mtihani unakuja, alama anapata. Hakuna aliyemwambia kwamba chini ya mistari ile kuna maswali ambayo hata wenye maabara za mabilioni wanagombania hadi leo.

Mimi ni mwalimu wa sekondari Tanga, na maabara yetu ina darubini mbovu kuliko nzima. Kwa bahati nzuri somo hili halitaki darubini. Tafuta karatasi nyeupe, rula, maka pen nyeusi, khanga, glovu ya mpira ya kuoshea vyombo, matambara ya kuijaza, brashi mbili ndogo za rangi, kioo cha kunyolea na boksi la kadibodi. Mwenye watoto nyumbani anaweza kuyafanya haya mezani baada ya chakula.

Kabla ya yote, gawa ubao kwa mstari wa wima. Kushoto andika "Tunajua", kulia "Hakuna anayejua". Kisha tangaza sheria mbili. Ya kwanza: swali haliandikwi kulia mpaka anayeliuliza aseme ni kitu gani, kikionekana, kingetusogeza mbele hata hatua moja. Ya pili: jibu la "ubongo ndio umeamua" ni marufuku. Watoto wanalipenda mno jibu hilo, na linasikika la kisayansi, lakini halielezi chochote. Ni sawa na kumuuliza mtu nani kala nyama akakujibu "mdomo".

Anza na doa lisiloona

Chora msalaba mdogo, kisha sentimita 8 kulia kwake chora nukta nyeusi yenye upana wa sentimita moja. Shika karatasi kwa mkono ulionyooshwa, funga jicho la kushoto, tazama msalaba kwa jicho la kulia. Usiiangalie nukta, wewe tambua tu kwamba ipo. Sasa isogeze karatasi polepole kuja usoni. Ikibaki kama sentimita 30, nukta inatoweka. Ukiendelea kuisogeza, inarudi.

Darasa zima litapiga kelele, kisha kuna atakayesema kwake haikufanya kazi. Ukimchunguza utakuta jicho linaibia kwenda kwenye nukta. Mwambie aweke ncha ya kidole kwenye msalaba na aitazame hiyo.

Upande wa kushoto wa ubao unajaa haraka. Nyuma ya jicho, pale ambapo nyuzi zipatazo milioni moja za neva zinakusanyika na kutoka kwenda kwenye ubongo, hakuna seli za kupokea mwanga. Mfaransa Edme Mariotte aliligundua doa hilo miaka ya 1660. Pweza hana doa hili, kwa sababu kwenye jicho lake nyuzi zinapita nyuma ya seli za kuonea, wakati kwetu zinapita mbele na kulazimika kutoboa njia. Hapa huwa naulizwa, "Madam, kwa hiyo pweza katengenezwa vizuri kuliko sisi?" Kwa jicho hilo, ndiyo, nawajibu, na tunaendelea.

Utamu unaanza sasa. Chora mstari mnene wa maka pen unaopita pale nukta ilipokuwa, lakini acha pengo la sentimita moja na nusu pale pale. Rudia zoezi. Pengo likiingia kwenye doa, unaona mstari mzima, haukukatika popote. Halafu tandaza khanga. Chagua sehemu yenye vidoti vidogo, weka juu yake kipande cha karatasi nyeusi, na sentimita 8 kushoto kwake kitu cha kukazia macho. Inama juu ya meza mpaka kipande kitoweke. Kati ya wanafunzi wangu, wengi husema vidoti vimeenea mpaka pale. Hamishia kipande kwenye ua kubwa la katikati ya khanga na hadithi inabadilika: petali iliyofunikwa hairudi, kinachoonekana ni ukungu wa rangi ya jirani. Waache wabishane. Waandike kila mmoja alichoona kabla ya kusikia cha mwenzake, la sivyo wote wataona alichoona kiranja.

Swali la kuwaachia ni hili: pale pasipo na taarifa, je, kuna kitu kinachorwa, au ni kwamba hakuna anayekagua pengo? Mwanafalsafa Daniel Dennett alishikilia hilo la pili. Kutokuwa na taarifa za mahali fulani, alisema, si sawa na kuona mahali patupu. Mtafiti wa ubongo V. S. Ramachandran akamjibu kwa majaribio kwamba ujazaji ni kazi halisi ya mfumo wa kuona. Baadaye majaribio ya nyani yameonyesha kuwa seli za eneo la kwanza la kuona ndani ya ubongo, zinazohusika na doa lile, huchangamka mstari ukipita pande zote mbili za doa, ingawa jicho halikuzipelekea chochote. Kwa hiyo kuna kitu kinafanyika, Ramachandran amepata alama. Lakini andika kulia: kuchangamka kwa seli kunageukaje kuwa "naona mstari"? Seli za uti wa mgongo nazo huchangamka, na hakuna anayeona chochote kwa ajili hiyo.

Ongeza na hili, maana linawashtua: mwaka 2017 watafiti wa Osnabrück, Ujerumani, waliwaonyesha watu picha mbili, moja ikiwa imejazwa na ubongo ndani ya doa, nyingine ikionekana kweli kweli. Watu walielekea kuiamini zaidi ile iliyojazwa. Sababu? Iandike upande wa kulia.

Mkono wa glovu

Jaribio hili lilichapishwa na Matthew Botvinick na Jonathan Cohen mwaka 1998 na limerudiwa maabara nyingi kwa sababu ni rahisi. Jaza glovu matambara mpaka vidole visimame. Mkalishe mtu mezani, mkono wake wa kushoto nyuma ya boksi asiuone. Glovu ya kushoto iweke mbele yake, kama shubiri moja kutoka mkono wenyewe, vidole vikielekea upande ule ule. Funika kwa khanga kuanzia begani mpaka kifundo cha glovu.

Chukua brashi mbili. Piga kidole cha shahada cha glovu na kidole cha shahada cha mkono uliofichwa, kwa pamoja, mwelekeo mmoja, kasi moja. Hamia kidole kingine. Usizungumze. Baada ya dakika moja au mbili wengi huanza kutabasamu kwa namna ya ajabu, kwa sababu mguso wanausikia kwenye glovu. Mwambie afunge macho na kwa mkono wa kulia, chini ya meza, aonyeshe mkono wake wa kushoto ulipo. Mara nyingi ataonyesha karibu zaidi na glovu kuliko ulipo kweli. Na ukitaka kicheko, inua rula ghafla kama unataka kuichapa glovu.

Sehemu ambayo watu huiruka ndiyo yenye sayansi. Rudia yote, ila safari hii brashi zipishane: glovu kwanza, mkono baadaye. Kwa wengi hisia inapungua au inakufa. Geuza glovu vidole vimwelekee mwenyewe, nayo inakufa. Hapo mwanafunzi ameona kwa macho yake kwamba "huu mkono ni wangu" si jambo alilozaliwa nalo likakaa tu. Linatengenezwa upya kila wakati kutokana na kuona, kugusa na hisia ya viungo, navyo vikikubaliana kwa wakati mmoja hata mpira unapewa uraia.

Onyo moja. Usimwambie anayejaribiwa kitakachotokea. Mwaka 2020 Peter Lush na wenzake wa Sussex, Uingereza, walionyesha kwamba wanaosikia glovu kwa nguvu zaidi huwa pia wepesi kuitikia maelekezo ya kupumbazwa akili (hipnosisi). Yaani huenda sehemu ya hisia hii inaletwa na matarajio. Ni kiasi gani? Wanabishana bado. Liandike kulia, na swali hili wanafunzi wanaweza kulichimba wenyewe: kundi moja liambiwe "utasikia glovu ni yako", jingine lisiambiwe kitu.

Ukiwa na mwanafunzi au ndugu aliyekatwa mkono, muulize faragha kwanza kama yuko radhi na somo hili. Wengi waliopoteza kiungo huendelea kukihisi, na wakati mwingine kinauma. Ramachandran, katika miaka ya 1990, aliwawekea kioo ili mkono mzima uonekane mahali pa uliokosekana, na baadhi walipata nafuu. Matokeo ya tafiti zilizofuata hayakubaliani, kwa hiyo usimwahidi mtu tiba.

Nyota kwenye kioo

Hili lifanye kwa siku tatu mfululizo. Chora nyota, na ndani yake nyota ndogo zaidi, ukiacha njia ya nusu sentimita kati yao. Mwanafunzi apitishe penseli kwenye njia hiyo huku mkono na karatasi vimefunikwa na boksi lililowazi pembeni, akitazama kwenye kioo tu. Hesabu mara anazogusa mistari. Siku ya kwanza ni aibu tupu. Kwenye kona penseli inagoma. Siku ya tatu anapita.

Ndipo uwaeleze kuhusu Henry Molaison. Mwaka 1953, akiwa na miaka 27, alipasuliwa ubongo huko Hartford, Marekani, kumtibu kifafa, na sehemu kubwa ya hipokampasi zake (sehemu za ndani ya ubongo zinazohusika na kumbukumbu) za pande zote mbili ikatolewa. Kifafa kilipungua. Lakini tangu siku ile hakuweza tena kuweka kumbukumbu mpya za matukio: daktari akitoka chumbani na kurudi, anajitambulisha upya. Mwanasaikolojia Brenda Milner alimpa nyota hii hii ya kioo. Siku kwa siku Henry aliboreka kama mwanafunzi wako, na kila siku aliapa hajawahi kuiona. Mkono umejifunza, mwenyewe hana habari.

Kushoto: kumbukumbu si kitu kimoja, na ustadi wa mkono hupitia njia isiyotegemea zile sehemu alizokatwa. Henry alifariki mwaka 2008 na ubongo wake ukakatwa vipande 2,401 vyembamba ili usomwe. Kulia, andika lile ambalo mimi naliona gumu kuliko yote ya siku hii: protini zinazojenga maungio ya seli za neva hubomolewa na kutengenezwa upya ndani ya siku na wiki. Bibi yako anaimba wimbo wa harusi yake wa miaka hamsini iliyopita bila kukosea ubeti. Kinachoushika wimbo huo ni nini, ikiwa matofali yote yameshabadilishwa?

Kidole, kwa ufupi

Waambie wanyanyue kidole wakati wowote wanaotaka, wakikumbuka mshale wa sekunde ulikuwa wapi nia ilipowajia. Benjamin Libet alifanya hivyo mwaka 1983 huku akipima umeme wa ubongo: maandalizi yalionekana kama nusu sekunde kabla ya tendo, na nia iliyoripotiwa ilikuja kama sehemu moja ya tano ya sekunde kabla. Wengi wakakimbilia kusema hiari ni uongo. Usiwaruhusu wakimbie. Mwaka 2012 Aaron Schurger na wenzake walionyesha kuwa mteremko ule wa umeme unaweza kuwa mchafuko wa kawaida wa seli unaopanda na kushuka, ukifika kimo fulani kidole kinanyanyuka. Basi si lazima kuwe na uamuzi uliofichwa. Mnaweza kumaliza kipindi hapo. Mjadala wa hiari ukiachwa unakula hadi kengele ya chai.

Mwisho, bahasha

Mwaka 1998 huko Bremen, mtafiti wa ubongo Christof Koch aliwekeana dau na mwanafalsafa David Chalmers kwamba ndani ya miaka 25 alama ya wazi ya ufahamu ingepatikana kwenye seli za ubongo. Mwezi wa sita mwaka 2023, New York, Koch alikiri kushindwa mbele ya watu na kumkabidhi mwenzake sanduku la mvinyo, kisha akataka dau jipya hadi 2048.

Hapa Tanga dau ni kamari, na wazazi wangenifuata ofisini kabla ya adhuhuri. Sisi tunaandika utabiri tu. Kila mwanafunzi anachagua swali moja la kulia, anaandika anachodhani kitakuja kuonekana, mwaka gani, na ni kitu gani kikionekana yeye atakubali kwamba amekosea. Anaweka kwenye bahasha, anaandika jina nje, inafungwa kabatini. Bahasha ambayo ndani imeandikwa "sayansi itajua siku moja" naifungua hapo hapo na kuirudisha kwa mwenyewe.