Kukuza mwelmu wa Anhui katika bustani ya mimea

Ulmus gaussenii, mwelmu wa Anhui, ni mti wa milima ya Langya karibu na mji wa Chuzhou, mkoa wa Anhui, mashariki mwa China. Kwa asili hauoti kwingine. Mwituni imebaki makumi machache tu, ndiyo maana kila mche unaotunzwa bustanini una uzito wake. Mwongozo huu ni kwa wenzangu wa vitalu vya nchi zenye majira ya baridi, kwani mti huu hupukutisha majani na kupumzika kipindi hicho.

Hatua ya 1: Hakikisha asili ya mbegu

Hapa ndipo kazi hufaulu au kuharibika. Maua ya mielmu huchavushwa na upepo, na spishi zake nyingi huzaana kwa urahisi. Mti uliosimama peke yake kwa kawaida haujirutubishi. Ukizaa, mbegu nyingi huwa maganda matupu, au chavua imetoka kwa jirani kama Ulmus pumila, mwelmu wa Siberia. Miche itaota vizuri na kupendeza, lakini ni chotara. Kwa hiyo usiokote mbegu chini ya mti wa bustani ukaziandikia jina la Ulmus gaussenii. Pokea zilizokusanywa mlimani kwa kibali, zikiwa na cheti cha afya ya mimea, na kila mti mama uwe na mfuko na namba yake. Mbegu za miti tofauti zikishachanganywa, hutaweza tena kujua ipi ni ya ukoo upi.

Hatua ya 2: Sia mara moja

Mbegu ni bapa, imezungukwa na ubawa mwembamba, na hukomaa majira ya kuchipua. Ikikaa kwenye joto la chumba hupoteza uhai ndani ya wiki chache. Isie siku inapofika, kwenye udongo tifutifu uliochanganywa na mchanga, uifunike kidogo tu. Ikiwa nzima, ndani ya wiki moja au mbili utaona miche. Adui wa siku hizo ni kinyausi, ugonjwa wa kuvu unaoozesha miche michanga shinani: mwagilia asubuhi, usibananishe miche, ruhusu hewa ipite.

Hatua ya 3: Vipandikizi

Ukiwa na mti ambao asili yake imethibitishwa, unakili kwa vipandikizi. Mwanzoni mwa majira ya joto kata matawi laini ya mwaka huohuo, sentimita 10 hadi 15, ubakize majani mawili juu. Chovya ncha kwenye homoni ya mizizi, uvipande kwenye mchanga wenye unyevu ndani ya kitalu nyumba chenye kinyunyizi cha matone madogo. Vikishatoa mizizi, viache hadi vichipue mwaka unaofuata. Binafsi sipendi kubebesha mti huu juu ya shina la mwelmu mwingine: shina la chini likitoa machipukizi, baada ya miaka unaweza kujikuta unatunza spishi usiyoikusudia.

Hatua ya 4: Kupanda na kulinda

Mlima wake ni wa mawe ya chokaa, hivyo udongo wa chokaa si tatizo; maji yasituame tu. Pogoa wakati wa baridi, mbawakawa wa gome wakiwa hawaruki. Hao ndio wabebaji wa kuvu Ophiostoma novo-ulmi, lililoua mielmu mingi mno Ulaya na Amerika Kaskazini. Tawi likinyauka ghafla katikati ya majira ya joto, bandua gome lake. Ukiona michirizi ya kahawia kwenye mti wa ndani, kata mbali chini ya michirizi hiyo, weka kipande cha kupeleka maabara, choma tawi lililobaki, kisha usafishe msumeno kwa spiriti.

Hatua ya 5: Kumbukumbu na ugawaji

Kibao cha mti kibebe namba ileile iliyo kwenye rejista: mti mama, mahali, mwaka wa kukusanywa. Kisha gawa. Nakala za ukoo mmoja zikiwa bustani moja, dhoruba moja au ugonjwa mmoja waweza kuumaliza. Peleka angalau bustani mbili za mbali, na uingize spishi hiyo kwenye kanzidata ya BGCI, mtandao wa bustani za mimea duniani, ili mwenye kutafuta chavua au kipandikizi ajue pa kuomba.