Namna ya Kuandika bila Kuegemea Upande kuhusu Siku ya Hijabu Duniani

Kila inapokaribia tarehe 1 Februari, rasimu zinazohusu Siku ya Hijabu Duniani huanza kumiminika mezani kwa wahariri wa habari na wa makala za ensaiklopidia, na nyingi huwa za aina mbili. Baadhi husomeka kama mwaliko wa sherehe; nyingine husomeka kama hati ya mashtaka. Mwongozo huu ni kwa mwandishi anayetaka kuepuka yote mawili. Msimamo wangu, uliojengwa na kazi ya kuhariri rasimu hizo, ni kwamba kutoegemea upande hakumaanishi kuigawa makala nusu kwa nusu. Maana yake ni kuhakikisha kwamba kila dai lina mwenyewe anayetajwa, na kwamba kila mtu ananukuliwa akizungumzia jambo lilelile alilolizungumzia. Jambo hili nalichukulia kwa uzito, kwa sababu miongoni mwa wasomaji wako yumo mwanamke aliyevuliwa hijabu kwa nguvu barabarani, na yumo mwingine aliyekamatwa kwa kutoivaa, na kila mmoja wao ana haki ya kuyakuta yaliyompata yameandikwa kwa usahihi.

Hatua ya kwanza: andika yasiyobishaniwa

Anza na aya ambayo hakuna upande utakaoipinga. Siku hii ilianzishwa mwaka 2013 na Nazma Khan, Mmarekani mwenye asili ya Bangladesh aliyekulia New York, na huadhimishwa kila mwaka tarehe 1 Februari. Waandaaji huwaalika wanawake wa dini zote, pamoja na wasio na dini, wavae hijabu kwa siku moja. Hapo uko salama. Ukiendelea tu kuandika kwamba siku hiyo "inapambana na ubaguzi", tayari umeegemea upande, kwa sababu hilo ni lengo lililotangazwa na waandaaji, na iwapo lengo hilo linafikiwa ndilo swali lenyewe linalozua mabishano. Andika kwamba kwa mujibu wa waandaaji, lengo ni kupambana na ubaguzi dhidi ya wanawake Waislamu. Vivyo hivyo, masimulizi ya Khan kwamba alidhihakiwa shuleni, na kwamba baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001 aliitwa gaidi, yaingie kwa jina lake, kwa kuwa yeye ndiye shahidi wa maisha yake. Wala usiyawekee maneno ya kuyatilia shaka iwapo huna chanzo kinachoyapinga.

Hatua ya pili: tenganisha maswali yaliyofungwa pamoja

Hapa ndipo rasimu nyingi huharibika, kwa hiyo usiharakishe. Mabishano kuhusu siku hii yana maswali yasiyopungua manne, na mtu anaweza kujibu "ndiyo" katika moja na "hapana" katika jingine bila kujipinga. Swali la kwanza ni la kidini: je, kufunika nywele ni wajibu kwa mwanamke Mwislamu? La pili ni la kijamii: je, wanaovaa huchagua wenyewe, au husukumwa na familia na jamii? La tatu linahusu siku yenyewe: je, mwanamke asiye Mwislamu akivaa hijabu kwa saa chache, anamsaidia yeyote? La nne ni la kisheria: je, serikali ina haki ya kulazimisha au kukataza vazi hilo?

Mwanamke anayevaa hijabu kila siku kwa imani anaweza kuipinga siku hii kwa sababu anaona kwamba ibada yake imegeuzwa jaribio la siku moja. Mwanamke asiyeivaa kabisa anaweza kuiunga mkono kwa sababu amechoka kuona jirani yake akitukanwa. Mwandishi anayeyachanganya maswali haya atawapanga watu hao wawili katika kambi za "wanaopenda hijabu" na "wanaochukia hijabu", na atakuwa amewasingizia wote wawili. Kabla ya kuandika lolote, chukua kila chanzo ulicho nacho na uandike pembeni ni swali lipi kati ya hayo manne kinalolijibu. Kama hakijibu lolote, kina nafasi ndogo sana katika makala.

Hatua ya tatu: kila dai lipewe mwenyewe

Tazama sentensi hii, ambayo inafanana na nyingi ninazokutana nazo: "Wanaharakati wa haki za wanawake wameilaani siku hiyo kwa sababu hijabu ni chombo cha kuwakandamiza wanawake, ingawa Waislamu wanasema ni hiari yao." Kosa la kwanza ni kuwaweka "wanaharakati wa haki za wanawake" upande mmoja na "Waislamu" upande wa pili, kana kwamba hakuna Mwislamu anayetetea haki za wanawake wala Mwislamu anayeikosoa siku hiyo. Kosa la pili limejificha katika maneno "kwa sababu hijabu ni", yanayogeuza maoni ya wakosoaji kuwa ukweli wa mwandishi, ilhali maoni ya wengine yamefungiwa ndani ya "wanasema". Isitoshe, hakuna jina, hakuna tarehe, na hakuna mahali ambapo msomaji anaweza kuhakikisha.

Ikiandikwa upya, inaweza kuwa hivi: "Katika makala ya maoni iliyochapishwa na gazeti la The Washington Post mnamo Desemba 2015, wanahabari Asra Nomani na Hala Arafa, wote wawili Waislamu, waliwaomba wanawake wasio Waislamu wasivae hijabu kwa ajili ya kuonyesha mshikamano, wakisema kwamba kufanya hivyo kunaiunga mkono tafsiri ya kisiasa ya Uislamu. Waandaaji, kwa upande wao, huielezea siku hiyo kuwa ni ya kuwatambua mamilioni ya wanawake Waislamu wanaochagua kuvaa hijabu." Sentensi zimerefuka, lakini sasa msomaji anajua nani alisema nini, lini, na kuhusu nini. Anajua pia kwamba wakosoaji hao hawakuwa wakidai sheria ya kupiga marufuku hijabu. Walikuwa wakijibu swali la tatu.

Fanya vivyo hivyo kwa wakosoaji wengine, na usiwatie katika kapu moja. Yasmine Mohammed, mwandishi wa Kanada aliyeacha Uislamu, alianzisha kampeni ya kuvua hijabu inayofanyika tarehe hiyohiyo ya 1 Februari. Masih Alinejad, mwanahabari wa Iran anayeishi Marekani, alianzisha mwaka 2014 kampeni mtandaoni iliyowapa wanawake wa Iran nafasi ya kuonyesha picha zao wakiwa bila hijabu, na hoja yake kuu ni dhidi ya kulazimishwa. Mmoja ameiacha dini, mwingine anapambana na sheria ya nchi. Kuwaita wote "wapinzani wa hijabu" ni uvivu.

Hatua ya nne: chunguza vitenzi

Soma rasimu ukitafuta vitenzi vya kunukuu peke yake. Ikiwa upande mmoja "unaeleza" na "unafafanua" huku mwingine "unadai" na "unalalamika", hukumu imekwisha kutolewa kabla hoja haijasikika. Neno "alisema" linatosha mara nyingi kuliko waandishi wanavyodhani. Futa pia "kile kinachoitwa" kila unapolikuta mbele ya jina la siku au la kampeni yoyote, kwani sijawahi kuliona likitumika katika mada hii bila kejeli ndani yake.

Hatua ya tano: pima uzito

Uzito wa kila msimamo hutegemea swali linalojibiwa, na si idadi ya watu wanaopaza sauti. Katika swali la kidini, wanazuoni walio wengi, wakiwemo wa madhehebu manne ya Sunni, wanaona kwamba kufunika nywele ni wajibu, na hurejea Sura ya An-Nur aya ya 31 na Al-Ahzab aya ya 59. Wapo waandishi na wasomi wa zama hizi wanaozifasiri aya hizo vingine. Ukiandika kwamba "wanazuoni wamegawanyika" na kuishia hapo, umempotosha msomaji kwa kuufanya wingi na uchache vilingane; ukiwaficha wachache hao, umempotosha kwa njia nyingine. Taja wote wawili, na useme wazi ni upi ulio msimamo wa wengi.

Uzito huo huo hutakiwa pale uchunguzi unapokuwa umefanyika. Mahsa Amini, aliyekuwa na umri wa miaka 22, alifariki tarehe 16 Septemba 2022 baada ya kukamatwa Tehran na polisi wa maadili kwa kosa la mavazi. Serikali ya Iran ilisema alikuwa na maradhi ya awali. Familia yake ilikanusha. Mwaka 2022 ilikuwa sahihi kuziweka kauli hizo mbili pamoja. Lakini mnamo Machi 2024 tume ya uchunguzi ya Umoja wa Mataifa ilihitimisha kwamba kifo chake kilisababishwa na ukatili wa kimwili aliofanyiwa akiwa kizuizini, na kwamba dola ilihusika. Makala inayoendelea kusema tu kwamba "pande zinatofautiana" imegeuza usawa kuwa kinga ya mwenye nguvu.

Hatua ya sita: weka muktadha bila kupenyeza hukumu

Muktadha wa kisheria unahitajika, ila uwe kamili. Anayeandika kwamba Iran imelazimisha hijabu kwa sheria tangu mwaka 1983 aandike pia kwamba mwaka 1936, chini ya mfalme Reza Shah, serikali ya nchi hiyohiyo iliwakataza wanawake kujifunika na polisi wakawavua kwa nguvu. Anayeitaja Ufaransa atofautishe sheria ya 2004, inayokataza alama za kidini zinazoonekana wazi katika shule za umma, na ile ya 2010, inayokataza kuficha uso hadharani; rasimu nyingi huichukulia ya pili kana kwamba inakataza hijabu barabarani, jambo ambalo si kweli.

Mtego mgumu zaidi ni wa kuweka mambo mawili ya kweli sambamba. Ni kweli kwamba siku hii huadhimishwa tarehe 1 Februari. Ni kweli vilevile kwamba Ayatollah Khomeini, kiongozi wa Mapinduzi ya Kiislamu ya Iran, alirejea Iran kutoka uhamishoni tarehe 1 Februari 1979. Ukiziandika sentensi hizo mbili zikifuatana, hutakuwa umesema uongo hata kidogo, na bado msomaji ataondoka akiamini kwamba tarehe ilichaguliwa kumuenzi Khomeini. Uhusiano huo uandikwe tu iwapo kuna mtu anayetambulika aliyeusema, na uandikwe kama kauli yake, pamoja na jibu la waandaaji kama lipo. Vinginevyo, uache.

Hatua ya saba: tarakimu na picha

Idadi ya nchi zinazoshiriki hutoka kwa waandaaji, kwa hiyo itaje kama kauli yao. Picha nayo ni dai. Uso unaotabasamu chini ya mtandio wa rangi na umati wa wanawake waliovaa nguo nyeusi wakipigwa picha kwa mbali hutoa hukumu mbili tofauti kabla neno la kwanza halijasomwa. Chagua picha ya tukio lenyewe, na maelezo yake yataje mahali na mwaka.

Hatua ya nane: wape wasomaji wawili

Kabla ya kuchapisha, mpe rasimu mtu anayeiunga mkono siku hiyo na mwingine anayeipinga, ikiwezekana wote wakiwa wanawake Waislamu, maana wao ndio wanaozungumziwa. Usiwaulize kama wameipenda. Waulize kama msimamo wao umeelezwa jinsi wao wenyewe wangeueleza, kisha wapigie mstari sentensi wanazoona si za haki. Sentensi iliyopigiwa mstari na wote wawili iandike upya. Iliyopigiwa na mmoja irudishe kwenye chanzo chake, na kama chanzo kinaitegemeza neno kwa neno, ibaki ilivyo.