Kabla Hujanunua Drili, Grenda au Msumeno wa Umeme: Mwongozo Kutoka Karakana ya Keko

Haipiti wiki bila mtu kuingia hapa karakanani kwangu Keko, Dar es Salaam, na mfuko wa nailoni mkononi. Ndani ya mfuko mna drili au grenda, mara nyingi haijamaliza hata miezi sita. "Fundi, niangalizie hii, imezimika ghafla." Naifungua. Amecha (kiini cha mota kinachozunguka) imeungua, kaboni (vijiti vidogo vinavyoipelekea amecha umeme) zimeisha mpaka shaba, na kaboni za umbo lile Kariakoo nzima hazipo. Namrudishia mfuko wake.

Wengi wao si wajinga wala hawakuwa na haraka. Walianza na bei, wakaenda kwenye rangi ya boksi, kazi wakaikumbuka mwisho. Mimi mwenyewe nilianza hivyohivyo, na iliniuma, kama utakavyoona mbele. Mpangilio huu hapa chini ndio ninaoufuata sasa.

Hatua ya 1: Andika kazi, usiandike mashine

Chukua karatasi, uandike kazi ulizofanya au ulizomlipa mtu akufanyie miezi mitatu iliyopita. Zile zilizotokea kweli, si zile unazoota kuzifanya siku moja.

Mwenye nyumba ataandika: kutundika fimbo za pazia, kufunga rafu ya jikoni, kubadili kitasa, kukata kipande cha nondo kilichokuwa kinachomoza ukutani. Huyo anahitaji drili moja nzuri na labda grenda ndogo. Basi. Msumeno wa mviringo atautumia mara moja, kisha utakaa chini ya kitanda ukiota kutu.

Kijana anayefungua karakana ya useremala ataandika milango, vitanda, makabati. Kwake mimi ningepanga hivi: drili kwanza, msumeno wa mviringo, randa ya umeme, mashine ya msasa, halafu ruta (ya kuchonga kingo) ije wateja wakishaanza kudai urembo wa kingo. (Wengine huita mashine ya msasa "sanda". Sisi hapa hatulipendi neno hilo, kila mtu anajua sanda ni ya nini.) Kazi inayokuja mara mbili kwa mwaka usiinunulie mashine. Azima, au kodi kwa siku.

Hatua ya 2: Soma kibati kabla hujasoma bei

Kila mashine ina kibati au karatasi ngumu ubavuni yenye volti, hezi, wati na mizunguko kwa dakika. Umeme wetu Tanzania ni volti 230, hezi 50. Kibati kikisema 220–240V, sawa. Kikisema kingine, simama hapohapo.

Hapa ndipo nilipoumia. Miaka ya mwanzo nilinunua randa ya mtumba iliyoshuka kwenye kontena kutoka Japani. Chuma kizuri, kizito, bei ya kutupa. Plagi yake ilikuwa na vimeno viwili bapa, muuzaji akanichomekea adapta, akasema, "Inakubali popote, kaka." Nilipoibonyeza ililia kama ndege inayopaa. Kwa sekunde chache nilifurahi, nikajua nimepata mashine yenye nguvu kuliko zote Keko. Kisha ukatoka moshi. Umeme wa Japani ni volti 100, nami nilikuwa nimeimwagia zaidi ya mara mbili ya uwezo wake. Adapta hubadilisha umbo la plagi tu, umeme unapita vilevile.

Kwa hiyo ukiwa kwenye mitumba, angalia asili. Za Japani ni volti 100, za Marekani ni 120. Za Uingereza nyingi ni 230 kama zetu, lakini zile za maeneo ya ujenzi zenye plagi kubwa ya njano ni 110. Zote hizo zinafanya kazi vizuri kabisa ukiwa na transfoma ya kushusha umeme inayobeba wati za mashine na kuzidi kidogo. Piga hesabu ya transfoma ndani ya bei, halafu ndiyo useme mtumba ni rahisi.

Kwenye kibati hichohicho tafuta alama ya mraba mdogo ndani ya mraba mkubwa. Maana yake mashine imekingwa umeme mara mbili kwa ndani, haitegemei waya wa ethi (unaopeleka umeme ardhini) kukukinga. Kwa nyumba zetu ambazo ethi yake mara nyingi ni ya kwenye mchoro tu, alama hiyo mimi siiachi.

Na wati? Wati ni umeme inaokula, si kazi inayotoa. Nimeona drili imeandikwa wati 1,200 ikashindwa na ya wati 650 kwenye ubao mgumu wa mkongo mkavu. Linganisha wati kati ya mashine za mtengenezaji mmoja, ukivuka kwenda kwa mwingine kuwa na shaka.

Usisahau waya wa ekstensheni. Mashine ya wati 2,000 inavuta karibu ampea 9. Ukiipa waya mwembamba wa mita 30, umeme unafika mdogo, mashine inakosa nguvu, wewe unaikandamiza, inapata moto. Nunua waya wa milimita 2.5 za mraba, na ukitumia, ukunjue wote. Waya uliobaki umejiviringa kwenye gurudumu lake hupata joto mpaka gamba linayeyuka.

Hatua ya 3: Kwa drili, ukuta ndio unaochagua

Ukuta wako ni wa nini? Kama ni tofali za saruji au za kuchoma, drili ya kawaida yenye kugonga inatosha, ile yenye mdomo wa milimita 13 na kitufe chenye picha ya nyundo. Lakini ukitaka kutoboa linta, nguzo au dari ya zege, drili hiyo itakutoa jasho, itakula biti tatu, na shimo halitazidi urefu wa kucha. Zege linataka drili ya nyundo yenye biti za SDS, zile zenye mifereji shingoni zinazoingia kwa kubofya, bila kukaza kwa ufunguo. Ndani yake kuna pistoni inayopiga kwa hewa, kwa hiyo wewe unashika tu, hukandamizi. Ya kilo mbili na nusu hadi tatu inatosha nyumba na karakana.

Kwa mbao na chuma pekee, tafuta yenye kasi inayofuata kidole chako. Chuma kinataka mwendo wa taratibu, mbao zinataka mbio.

Hatua ya 4: Grenda, na hapa tusimame kidogo

Hakuna mashine inayonunuliwa kwa wepesi kama grenda, na hakuna iliyowatoa mafundi damu zaidi. Kwa nyumbani na karakana ndogo chukua ya inchi 4 na nusu, yaani milimita 115. Ya inchi 9 ni ya wakata reli na mawe. Ina uzito, na ikikwama inakuvuta na mkono wako.

Kasi yake ndiyo ya kuiogopa. Grenda ndogo huzunguka mara 11,000 au zaidi kwa dakika. Diski ya inchi 9 imetengenezwa kwa mizunguko kama 6,600 tu. Sasa kuna mafundi wanaotoa kinga ya chuma ili diski kubwa iingie kwenye grenda ndogo, wapate kukata kwa kina. Diski ile inazungushwa karibu mara mbili ya kiwango chake. Ikipasuka, vipande havikuulizi umesimama wapi. Kwa hiyo unaponunua, hakikisha kinga ipo ndani ya boksi na inafungwa bila kuhangaika na spana, kwa sababu kinga yenye usumbufu haitarudishwa ikishatolewa. Bledi ya meno ya kukatia mbao usiifunge kwenye grenda hata uambiwe nini.

Angalia pia pete ya chuma katikati ya diski za kukatia. Diski nzuri zina mwezi na mwaka umegongwa pale, ndio mwisho wake wa kutumika, kwa kawaida miaka mitatu tangu kutengenezwa. Gundi inayoshika chenga hulegea, hasa diski zikikaa kwenye unyevu. Dar unyevu tunao mwaka mzima.

Swichi: nunua ile inayozima ukiachia mkono. Ile ya kusukuma ikabaki imewaka ni nzuri mpaka siku inapokuponyoka.

Hatua ya 5: Msumeno na randa, kwa kifupi

Msumeno wenye bledi ya milimita 185 unapita ubao wa inchi mbili bila shida. Meno machache, kama 24, ni ya kupasua ubao kwa urefu. Meno 40 hadi 60 ni ya kukata kwa upana na kwa plaiwudi. Pima tundu la katikati ya bledi, liwe milimita 20 au 30 kulingana na mashine, usije ukanunua bledi tano zisizoingia.

Kwenye randa ya umeme, uliza visu vyake vinanolewa au vinatupwa. Vile vyembamba vya kugeuza ni vikali mno, ila vikiisha vimeisha. Tunaoranda mninga na mkongo kila siku tunapenda visu vinene vya kunoa kwenye jiwe.

Hatua ya 6: Waya au betri?

Ukifunga makabati kwa watu na kupanda ngazi, betri. Ukikaa karakanani na soketi ipo, waya. Mashine ya waya kwa bei ileile itakupa nguvu zaidi na haitakudai betri mpya baada ya miaka mitatu.

Ukienda kwenye betri, jua unachonunua. Betri ya 18V na ile iliyoandikwa "20V max" ni kitu kimoja: seli tano za lithiamu, moja imehesabiwa kwa wastani wa kazi, nyingine ikiwa imejaa. Halafu kuna zile za barazani zimeandikwa 48V, 88VF, 128VF. Niliifungua moja nikiwa na hamu ya kuona hizo volti 128. Nilikuta seli tano. Namba ile ni pambo la boksi.

Zidisha volti kwa Ah (ampea-saa, imeandikwa kwenye betri) upate ukubwa wa tanki: 18V ya 2.0Ah ni wati-saa 36, ya 4.0Ah ni 72. Na betri za kampuni moja kwa kawaida haziingii kwa nyingine, kwa hiyo drili ya kwanza ya betri ni kama ndoa. Chagua ukoo wenye msumeno na mashine ya msasa utakazozitaka baadaye.

Hatua ya 7: Uliza kaboni

Swali langu la kwanza dukani si bei. Namwambia muuzaji: "Nipe na kaboni zake jozi mbili." Akizitoa chini ya meza, tunaongea. Akianza kukuna kichwa, akasema mashine hii haiharibiki, namshukuru naondoka. Kaboni, swichi na beringi ndivyo vinavyokufa kwanza, na ni vya bei ndogo. Mashine ya kawaida ambayo vipuri vyake vimejaa kwenye maduka ya Gerezani inaishi kuliko ya kifahari ambayo kila kipuri kinasubiri meli. Zilizoandikwa "brushless" hazina kaboni kabisa, lakini bodi yake ya umeme ikifa, fundi wa kusuka mota hana la kufanya.

Majina makubwa kama Makita, Bosch na DeWalt yana feki nyingi. Shika mashine: feki huwa nyepesi, maandishi ya kibati yanafutika kwa kucha, na namba ya mashine hailingani na ya boksi. Kwa Bosch, fahamu kuwa za kijani ni za matumizi ya nyumbani na za buluu ni za mafundi. Zote ni halali, ila ya kijani usiipeleke kwenye kazi ya kutwa nzima.

Hatua ya 8: Iwashe kabla hujalipa

Omba soketi. Iache izunguke dakika moja bila kazi. Sikiliza mlio wa kusaga kama mchanga, hiyo ni beringi au gia. Chungulia kwenye matundu ya hewa: cheche ndogo za buluu kwenye kaboni mpya ni kawaida, zitapungua zikishakaa, ila duara la moto wa njano kuizunguka amecha si kawaida hata kidogo. Nusa. Harufu ya rangi mpya hupotea, harufu ya vanishi ya nyaya za mota inayoungua huongezeka. Zima, kisha shika mhimili uutikise kushoto na kulia. Ukicheza, chukua nyingine kwenye rafu.

Lipa, chukua risiti ya EFD yenye namba ya mashine imeandikwa, na karatasi ya garantii igongwe mhuri ukiwa bado umesimama pale. Pesa iliyobaki usiondoke nayo. Nunua miwani, vizibo vya masikio na barakoa ya vumbi, maana vumbi la mninga halina haraka na mapafu yako.

Ukifika nyumbani, toa kaboni moja ya akiba, weka kwenye mfuko mdogo, ufunge kwa utepe kwenye waya wa mashine. Siku ikizimika, sampuli ya kwenda nayo dukani utakuwa nayo tayari.