Plazima imeacha nini juu ya shaba? Hatua kwa hatua, kwa anayefanya kazi karibu na bahari

Hapa Raskazone, Tanga, shaba uliyoiacha mezani siku chache hubadilika rangi yenyewe. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kutenga mkono wa plazima baridi (gesi iliyochajiwa umeme bila kuwa ya moto sana) na mkono wa bahari.

Hatua ya 1. Kata vipande viwili kutoka bamba moja. Piga msasa laini, suuza kwa asetoni, kausha. Kimoja kiingie kwenye plazima. Cha pili, ninachokiita shahidi, kikae chumba kilekile kwa muda uleule bila kuguswa na plazima. Hatua hii usiiruke hata kidogo. Mara ya kwanza nilipeleka kipande kimoja tu kupimwa. Majibu yakaja na kilele cha klorini karibu na eV 199 (elektronivolti, kipimo cha nishati), nikakesha nikiitafuta klorini kwenye gesi yangu. Awamu iliyofuata shahidi naye alikuwa nayo: ilikuwa chumvi ya upepo.

Hatua ya 2. Shika kwa kibano, kwani jasho la vidole nalo lina chumvi. Funga kwenye kopo lenye silika jeli, hasa wakati wa masika. Nitrati ya shaba hunyonya unyevu upesi.

Hatua ya 3. Pima kwa infraredi. Mfyonzo karibu na 1380 kwa sentimita huashiria nitrati, zao la kawaida la plazima ya hewa.

Hatua ya 4. Sasa XPS, upimaji wa eksirei unaosoma nishati ya elektroni zinazong'olewa kwenye nanomita zisizozidi 10 za juu. Sawazisha kwanza kwa kaboni, eV 284.8. Oksidi nyeusi, CuO, huonekana karibu na 933.6, ikiwa na vilele vya kando kati ya 940 na 945. Shaba tupu na oksidi nyekundu, Cu2O, zote hukaa karibu na 932.5, na hapa wengi huteleza. Omba na mstari wa Auger LMM, yaani kilele kingine cha elektroni za shaba kinachosomwa kwa nishati ya mwendo wake: shaba tupu huwa karibu na 918.6, Cu2O karibu na 916.8. Kwenye naitrojeni, 407 ni nitrati, 397 ni nitridi.

Katika XPS, anza na vilele vya shaba, kisha virudie mwishoni. Eksirei yenyewe huweza kugeuza CuO kuwa Cu2O, na ukiona vilele vya kando vimefifia, soma ule upimaji wa kwanza.

Shahidi apimwe siku hiyohiyo, kwa mpangilio uleule. Kilichomo kwa wote wawili, kwa kiasi kilekile, usikiandike kwa jina la plazima.