Banda la kuku la kuhamishwa: anza na uzito

Banda la kuhamishwa halina sakafu; husogezwa kila siku ili kuku wapate nyasi mpya. Ukimpa kazi hiyo fundi aliyezoea kuezeka nyumba, atakuletea mbao za mbili kwa nne na bati kuanzia mwanzo hadi mwisho. Litapendeza, ila halitahama. Wiki haiishi, nyasi zimeparuliwa zote, kinyesi kimetapakaa, na kuku wanalala pachafu kuliko kwenye banda la kawaida lenye maranda. Kipimo changu ni kimoja: mama mwenye nyumba na mtoto wa darasa la sita walinyanyue bila kuita jirani.

Kwa matetea 10 na jogoo mmoja, tengeneza banda la upana wa mita 1.5, urefu wa mita 3 na kimo cha sentimita 70 hivi. Tumia fito nyembamba za mkaratusi zilizonyooka, au mianzi ukiipata. Mninga uachie vitanda na milango. Kila kona igongewe ufito wa mshazari, na maungio yakazwe kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, maana misumari peke yake hulegea kwa kuvutwa kila siku. Bati moja jepesi lifunike upande wa kulala, kwingine wavu. Jua la Oktoba hapa Tabora si la mchezo, basi tandaza nyasi juu ya bati, au mchana liegeshe banda kwenye kivuli cha mwembe. Ndani, kila kuku apate sentimita 20 za ufito wa kulalia, na viota viwili au vitatu vyenye mlango wa kuokotea mayai kutoka nje.

Nguchiro huja mchana na kicheche usiku. Chagua wavu wa matundu madogo, na ukitua mahali penye mabonde ziba nafasi za chini kwa mawe. Kama kicheche au wezi wamekuzoea, banda hili liwe la mchana tu, usiku kuku walale kwenye banda la kudumu.

Hamisha asubuhi kabla ya kuwapa chakula, wakiwa bado na hamu. Mmoja ashike mbele, mwingine nyuma, mnyanyue kidogo tu, mwende kwa hatua fupi. Kuku watafuata nyasi mbichi wenyewe. Yule anayechelewa ndiye hunaswa mguu na ufito wa nyuma, kwa hiyo aliye nyuma atazame chini muda wote. Chakula kiwekwe banda likishatua.

Sogeza urefu mzima wa banda kila siku. Mvua za Novemba zikianza usiruke hata siku moja: vijidudu vya kuhara damu vinavyotoka na kinyesi huiva ndani ya siku moja au mbili penye joto na unyevu, kisha hudumu ardhini kwa miezi. Vifaranga ndio huumia zaidi, wasiletwe hapo kabla hawajaota manyoya vizuri. Msimu huo kaa kwenye mwinuko wa kichanga, si mbugani kwenye tope.

Kiangazi nyasi zikikauka, peleka banda kwenye shamba lililovunwa mahindi au karanga. Kuna punje, kuna wadudu, na mchwa huliwa kabla hawajapata muda wa kutafuna fito zako. Kuku 10 huacha karibu kilo moja ya kinyesi kibichi kwa siku. Ndani ya siku 30 utakuwa umepitia mita za mraba 135 za shamba la mwakani, na udongo wetu wa kichanga unaihitaji sana mbolea hiyo. Shamba la tumbaku lililopuliziwa dawa usilisogelee.

Malisho hayawashibishi peke yake. Pumba, mahindi ya kuparaza na mashudu ya alizeti viendelee, pamoja na lita tatu za maji kwa siku, zaidi wakati wa joto.

Wala kuhama hakuzuii kideri (Newcastle). Ugonjwa huo huingia hata kwa viatu vya mgeni na tenga la mnadani. Chanjo ya I-2 ni tone moja jichoni, kila baada ya miezi mitatu. Kichupa kimoja kina dozi nyingi kuliko kuku wako na kikishafunguliwa hakiwekwi akiba, kwa hiyo changeni fedha na majirani, mwiteni afisa mifugo wa kata, mchanje siku moja.