Kiungo mkongwe: jinsi ya kuamua abaki au aachwe

Msimu ukikaribia kwisha, vijiwe vya Mtwara na Lindi huwa na kesi moja isiyokosa. Namba kumi wa timu, aliyeanza kupanga mashambulizi wenzake wakiwa bado shule ya msingi, amefika miaka 34 (ya kwenye leseni, anayoijua mama yake ni habari nyingine). Nusu ya kijiwe inasema kaisha. Nusu inakumbusha faulo ya Jumapili iliyolala kwenye kona ya juu ya goli. Hakuna aliyehesabu kitu.

Mwongozo huu ni wa makocha na viongozi wa timu za wilaya na mkoa, ambazo hazina mchambuzi wa video wala vifaa vya kupimia. Mnahitaji daftari, simu mbili, koni sita na wiki nane kabla ya dirisha la usajili kufunguliwa. Kama zimebaki wiki mbili, mmechelewa: mwacheni abaki nusu msimu, mpime taratibu.

Anzeni kwa kuacha swali la umri. Orodhesheni kazi zake: kupokea mpira akiwa amebanwa, kuupeleka mbele, kurudi kukaba ukipotea, kupiga mipira ya kutenga, na kuwapanga wenzake kwa mdomo. Uzee hauzipigi zote siku moja. Miguu hutangulia kuondoka. Jicho na mguu wa faulo hubaki, na hapo ndipo watu hudanganyika, kwa sababu kinachobaki ndicho jukwaa linachokikumbuka.

Daftari

Kila mechi itumie kurasa mbili, moja kwa kila kipindi. Gawa ukurasa visanduku vitatu vya dakika 15. Ndani ya kila kisanduku weka alama nne tu:

M – pasi ya kwenda mbele iliyomfika mwenzake
P – mpira aliopoteza
R – mpira ulipotea, naye akarudi nyuma ya mpira ndani ya sekunde tano hivi
X – mpira ulipotea, naye akabaki anatembea

Faulo, kona na penati ziandikwe ukurasa wa nyuma kabisa, peke yake. Ukizichanganya na hizo nne, goli moja la faulo litafunika dakika 40 za kutembea.

Usihesabu pasi zote zilizofika. Kiungo anayechoka hupiga pasi nyingi za nyuma na za pembeni, na zinafika karibu zote, kwa hiyo asilimia yake ya pasi inapanda huku timu ikizidi kukwama. Ndiyo maana alama M ni ya mbele tu.

Alama P nayo ina uzito tofauti. Mpira uliopotea karibu na kibendera cha kona ya mpinzani si lolote. Uliopotea katikati ya uwanja wakati mabeki wa pembeni wamepanda ni nusu goli, kwa sababu mpinzani ana mabeki wawili tu mbele yake. P ya nusu yenu ya uwanja izungushie duara.

Wahesabuji wawe wawili na wasikae pamoja. Mmoja awe mtu asiye na undugu wala ugomvi na mchezaji. Mkitofautiana sana, rudieni video ya simu. Video ipigwe simu ikiwa juu, jukwaani au juu ya gari, maana kutoka usawa wa ardhi huoni nani amerudi na nani amebaki.

Mechi sita ndizo za chini kabisa, na angalau mbili ziwe za ugenini za mbali. Timu ya Mtwara mjini ikienda Masasi inakaa barabarani kilomita zipatazo 200. Kijana akishuka ananyoosha goti, mambo yamekwisha. Mwenye miaka 34 anaingia uwanjani na mgongo wa basi, na daftari litaonyesha.

Baada ya mechi sita, linganisha dakika 30 za kwanza na 30 za mwisho. M zikishuka kidogo, kila mtu huchoka. Zikishuka chini ya nusu, na X zikizidi R baada ya dakika ya 60, hapo pana tatizo. P zenye duara zikiwa nyingi tangu dakika 15 za kwanza, tatizo ni zito zaidi, kwa kuwa haliwezi kuelezwa kwa uchovu. Anachelewa kuona, au anaona lakini mwili unachelewa kugeuka.

Jambo moja halihitaji alama, linahitaji macho: mtazame shingo kabla mpira haujamfikia. Mkongwe mzuri huangaza kushoto na kulia mara mbili au tatu kabla ya kupokea, ndiyo maana anaonekana ana muda kuliko wengine. Akianza kupokea huku amekodolea mpira na mgongo umeelekea goli la mpinzani, ameacha silaha iliyokuwa inafidia miguu. Dalili nyingine ni kushuka chini kila mara kuchukua mpira miguuni mwa mabeki wa kati. Jukwaa linashangilia kwamba "anaupenda mpira". Mara nyingi anakimbia msongamano.

Mbio

Pima mita 30 mara sita, akianza kila mbio baada ya sekunde 30. Akimaliza anarudi kwa kutembea haraka na kusubiri zamu. Mpigie video ya mwendo wa polepole kisha uhesabu kutoka hapo. Kidole kwenye saa hukosea hadi sehemu mbili za kumi za sekunde, na tofauti unayoitafuta ni ndogo hivyohivyo.

Chukua wastani wa mbio mbili za kwanza na wa mbili za mwisho. Tuseme za kwanza ni sekunde 4.5 na za mwisho 4.9. Ameshuka kwa karibu asilimia 9. Mpime na viungo wengine wa timu siku hiyohiyo, maana namba yake peke yake haisemi kitu. Kisha soma hivi: kama mbio za kwanza ni nzuri lakini za mwisho zimeporomoka kuliko za wenzake, pumzi ndiyo imepungua, na pumzi hurudi kwa wiki sita hadi nane za mazoezi ya kweli. Kama mbio ya kwanza kabisa, akiwa amepumzika, tayari ni nzito kuliko ya wote, hiyo ni kasi, na kasi iliyoondoka kwa umri hairudi kwa kukimbizwa ufukweni. Timu nyingi huwaacha wachezaji wa aina ya kwanza wakidhani ni wa aina ya pili.

Makosa ya kupima huku kwetu yanajulikana. Kwenye uwanja wa mchanga kila mtu ni mzito, kwa hiyo kama mechi zenu ni za viwanja vya Nangwanda Sijaona au Ilulu na mazoezi mnafanya mchangani, vipimo vyote vifanyike sehemu moja. Upepo wa kusi ukivuma, kimbieni ukiwa ubavuni, si usoni wala kisogoni. Saa iwe ileile, 11 jioni. Na msimpime mtu Ramadhani: mtapata kipimo cha kiu.

Halafu kuna korosho. Mchezaji aliyeshinda shambani anapuliza salfa, au mwezi wa kumi na moja anaokota tangu alfajiri, hawezi kupimwa jioni hiyo mkamwita mzee. Fedha za minada zikiingia mtaani ndondo, zile mechi za makombe ya mitaani, nazo hufumuka, na mwenye jina ndiye anayeitwa kila kombe: Jumatano Tandahimba, Ijumaa Newala, Jumapili ligi. Misuli inahitaji siku mbili hadi tatu kurudi baada ya mechi ngumu, na huyu hapati hata moja kamili. Kabla ya kusema kaisha, mwombeni wiki tatu bila ndondo, na mlipe kitu, maana ndondo inamlipa. Kisha hesabuni tena. Wapo "waliofufuka" kwa dawa hiyo tu.

Maumivu yaandikwe pembeni: siku ngapi za mazoezi alikosa kwa miezi mitatu, goti linavimba baada ya mechi au la, msuli wa nyuma ya paja ulikwisha kuchanika mara ngapi. Msuli huo ukichanika mara moja, uwezekano wa kuchanika tena ni mkubwa, na umri huongeza. Mpelekeni kwa daktari, hospitali ya Ligula pale Mtwara au Sokoine pale Lindi, kabla ya kusaini chochote. Sindano ya kuua maumivu kabla ya mechi haitatui kitu, inaficha kengele.

Milango mitatu

Watu huona miwili, abaki au aondoke. Wa kati ndio unaofaa mara nyingi.

Abaki kama alivyo, ikiwa M hazijashuka sana, R zinaizidi X hadi mwisho, na mbio zake hazijaachwa mbali na wenzake.

Abaki kwa kazi nyingine, ikiwa jicho lipo na miguu haipo. Hapa kuna namna mbili. Ya kwanza ni kumshusha acheze mbele ya mabeki, ambako anaupokea mpira akiwa anatazama uwanja mzima, na kumwekea pembeni mkata umeme, yaani kiungo mkabaji, mwenye mapafu ya kukimbia badala yake. Andrea Pirlo, kiungo wa Italia, alianza kama mchezeshaji wa juu, akashushwa, na huko chini ndiko alikotengenezea jina. Milan walimwachia aondoke bure mwaka 2011 akiwa na miaka 32. Juventus wakamchukua, wakatwaa ubingwa wa Italia misimu minne mfululizo akiwa nao. Onyo: msimshushe bila huyo mkata umeme. Mtakuwa mmehamisha X kutoka juu, ambako hazikuwa na madhara makubwa, mkaziweka mbele ya goli lenu.

Namna ya pili ni dakika. Aingie dakika ya 60, wapinzani wakiwa wamechoka na nafasi zimefunguka. Kwa mwendo huo mnabakiza faulo zake na mdomo wake bila kulipia kipindi cha kwanza. Someni kwanza kanuni za ligi yenu kuhusu idadi ya wachezaji wa akiba, msije mkapanga kitu ambacho hakiruhusiwi.

Aachwe, ikiwa P zenye duara zinaanza mapema, mbio ya kwanza ni nzito, shingo haigeuki, na ameshapewa wiki tatu za kupumzika ndondo bila mabadiliko. Mambo yote manne. Moja peke yake halitoshi.

Mifano ya mbali ichukuliwe kwa tahadhari. Katika mpira wa Marekani, ule wa kushika kwa mikono, kuna kwotabeki anayepanga kila shambulio, na Tom Brady alitwaa ubingwa Februari 2021 akiwa na miaka 43. Lakini kwotabeki husimama nyuma ya ukuta wa wenzake na kurusha. Kiungo wa soka wa kiwango cha juu hukimbia kilomita 10 hadi 12 kwa mechi. La kuiga kutoka kwao ni la timu ya Green Bay: walimchukua kijana Aaron Rodgers mwaka 2005 wakamweka benchi misimu mitatu nyuma ya mkongwe Brett Favre, na Favre alipoondoka 2008 hawakuanza kutafuta mrithi.

Mrithi

Msimwache mkongwe kabla mrithi hajahesabiwa kwa daftari lilelile. Mpeni kijana dakika 25 hadi 30 katika mechi sita, na matokeo yawe bado yananing'inia. Kumwingiza mkiongoza tatu bila ni kumtembeza, hamtajua kama anaweza kupokea mpira akibanwa na watu wawili huku jukwaa linapiga kelele.

Msitafute pacha wa mkongwe. Hamtampata, na mkimpata Yanga au Simba watakuwa wamempata kwanza. Kama kijana ana miguu lakini hana ile pasi, badilisheni umbo: viungo wawili wa chini, mpira uende pembeni mapema, mawinga wafanye kazi zaidi. Mpiga faulo mpya achaguliwe mazoezini mapema, mipira 20 kila siku mbili, na ukuta uwe wa watu, si koni. Kazi ya kupanga wenzake kwa mdomo ndiyo husahaulika. Mpeni beki wa kati, kwa sababu yeye anaona uwanja wote.

Kumwambia

Aambiwe na kocha mkuu, uso kwa uso, meneja akiwepo, kabla dirisha halijafunguka. Sio kwenye kundi la WhatsApp, na sio kwa kukuta jina halipo kwenye orodha. Kocha akiwa mdogo kwa umri, salamu ya heshima itangulie, kisha aingie kwenye jambo bila kuzunguka: "Kaka, msimu ujao nataka uanzie benchi, uingie dakika ya 60, na faulo zote ni zako. Ukiona haikufai tutakupa barua yako ukacheze unakotaka." Daftari liwe mezani. Mchezaji mzoefu akiona alama zake mwenyewe hubishana kidogo kuliko akisikia "umezeeka".

Kama anaondoka, malimbikizo ya posho na nauli yalipwe siku hiyohiyo, na barua ya kumwachia itoke bila masharti. Mji ni mdogo. Vijana mnaotaka kuwasajili wanatazama anavyoondoka.

Mechi tatu za kwanza bila yeye zinaweza kwenda vibaya, na jukwaa litaimba jina lake. Msimpigie simu. Manchester United walimrudisha kiungo wao Paul Scholes uwanjani Januari 2012, miezi michache tu baada ya kustaafu, maana pengo la katikati halikuwa limezibwa. Endeleeni kumhesabu kijana hadi mechi ya sita, kisha fungueni daftari la zamani na jipya pamoja, ukurasa kwa ukurasa, mkianzia dakika ya 60.