Matema na Ikombe: ipange safari kufuata siku ya soko la vyungu

Wengi huharibu safari ya Matema, ufukwe wa Ziwa Nyasa wilayani Kyela, kabla hawajapanda gari. Wanatoka Mbeya Jumamosi asubuhi, wanafika Matema jua la mchana, wanaoga, wanakula samaki, kesho yake wanarudi. Mchanga wameuona, ila Wakisi, wafinyanzi wa mwambao huu, wamewapita bila kujua. Soko la vyungu la Lyulilo, kijiji kinachofuata ukielekea mashariki mwa Matema, ni la Jumamosi, na mali nzuri huondoka asubuhi. Anayefika mchana hukuta vyungu ambavyo wenzake wamevikataa.

Kwa hiyo toka Alhamisi. Ijumaa ni ya Ikombe, kijiji cha Wakisi, kwa wafinyanzi wenyewe. Jumamosi nenda sokoni ukiwa tayari unajua unachokitafuta. Kwa miezi, chagua Juni hadi Oktoba. Kyela ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote nchini, na Machi hadi Mei vyungu vinachelewa kukauka na wewe unalowa.

Mbeya mjini, Coaster za Kyela utazipata stendi ya Nane Nane. Zinapita Uyole, Kiwira na Tukuyu. Mwambie kondakta akushushe Kikusya, hapo ushike gari la Ipinda na Matema. Kipande hicho ni kama kilomita 39. Toka Mbeya hadi ziwani unashuka kutoka karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari hadi karibu mita 500, kwa hiyo koti ulilovaa Uyole utalibeba mkononi ukifika Ipinda. Usiliache nyumbani hata hivyo, utalililia siku ya kurudi. Ukipenda kuvunja safari, kuna Daraja la Mungu, daraja la asili la mwamba kwenye mto Kiwira.

Sasa, kwa nini vyungu? Angalia ardhi ilivyokaa. Milima ya Livingstone inaporomoka moja kwa moja hadi ziwani, na Wakisi wamebanwa kati ya mwamba na maji. Mashamba ni vipande tu. Wanyakyusa wa bondeni wana mpunga, ndizi na ng'ombe. Wakinga wa juu mlimani walikuwa mafundi wa chuma, wakishusha majembe. Mkisi alikuwa na samaki, na mkewe alikuwa na udongo. Chungu kikabadilishwa na chakula, na biashara hiyo ndiyo iliyowaweka pamoja watu wa lugha tatu tofauti. Ukilielewa hilo, soko la Lyulilo utaliona kwa jicho jingine: vyungu vinavyoshushwa kutoka kwenye mitumbwi vinafuata njia ya zamani sana.

Ikombe unaweza kwenda kwa miguu, kwa njia ya mawe inayopanda na kushuka kandokando ya ziwa, au kwa mtumbwi. Na mwenye mtumbwi patana bei jioni ya Alhamisi, na useme wazi kama ni kwenda na kurudi na kama atakusubiri. Wasafiri wengi hupatana bei ya kwenda tu, kisha wanajikuta Ikombe saa tisa alasiri wakibembeleza. Ondokeni saa kumi na mbili au saa moja asubuhi. Ziwa kwa kawaida hutulia wakati huo, na upepo huongezeka kadiri jua linavyopanda. Miezi ya Juni hadi Agosti upepo wa kusini-mashariki unaweza kuleta mawimbi ya kweli. Kabla ya kuingia angalia kama kuna kopo la kukumbia maji na uulize jaketi la kuokolea. Kaa chini kabisa, usisimame kupiga picha. Mwenye chombo akisema leo hapana, ni hapana, hata kama kutoka ufukweni maji yanaonekana shwari.

Ukifika, anza kwa mwenyekiti wa kijiji au mtu atakayekupeleka kwake. Halafu wafinyanzi. Ni akina mama, na wako kazini. Shikamoo kwanza, kisha uliza kama unaweza kukaa, na picha ziombe baadaye. Kiswahili kinatosha. Ukiwa kwa Wanyakyusa wa Matema, "ndaga" yako ya kushukuru itapokelewa kwa kicheko kizuri.

Usitegemee kuona hatua zote kwa siku moja. Udongo hukandwa, chungu hufinyangwa kwa mkono, hulainishwa, hukaushwa, ndipo huchomwa wazi bila tanuri. Kukausha ndiko kunakokula siku, wala hakuna njia ya mkato: maji yaliyobaki ndani ya udongo hugeuka mvuke motoni na chungu kinapasuka. Kwa hiyo ukimwomba mama akumalizie chungu uondoke nacho kesho, unamwomba akuuzie vigae. Nunua kilichokwisha chomwa, na ukimkalisha mtu saa nzima akikuelekeza, nunua kwake.

Namna ya kuchagua: kining'inize kwa vidole na ukigonge kwa kifundo cha kidole. Kikilia kwa sauti safi, ni kizima. Sauti ya kufa, kama ya kugonga ubao uliolowa, ina maana ya ufa hata kama huuoni. Kielekeze jua na uchungulie ndani kutafuta tundu. Pitisha vidole kitakoni: unene uwe sawa pande zote, maana palipo pembamba ndipo patakapoachia. Madoa meusi yasikutishe, ni ulimi wa moto tu.

Kuoga ziwani kuna masharti. Ziwa Nyasa lina kichocho. Epuka maji yaliyotuama penye matete, ambako konokono hukaa, na ukirudi pima baada ya wiki 6 hadi 8, kwa kuwa ukipima mapema mno mayai hayajaanza kuonekana. Midomo ya mito, hasa Lufilyo, waachie mamba. Chandarua ni lazima. Chakula hakina shida: omba mbasa au usipa, samaki wa ziwa hili, kwa wali wa Kyela.

Kwenye kurudi ndiko vyungu vingi hufa. Usivipandishe juu ya gari. Vipange kimoja ndani ya kingine, kikubwa nje, na majani makavu ya migomba katikati hadi visigongane ukitikisa. Vikiwa kwenye tenga, tenga likae miguuni pako.

Nyumbani, chungu cha kupikia na mtungi wa maji havitunzwi kwa namna moja, na hapa watu hukosea sana. Cha kupikia kilaze majini usiku kucha, kisha kijaze uji mwepesi wa mahindi na ukichemshe kwa moto mdogo kama saa moja. Wanga unaziba vinyweleo vya udongo. Kiache kipoe chenyewe na uji wake. Usikiweke moja kwa moja juu ya jiko la gesi, kwa sababu moto unakusanyika sehemu moja ya kitako, udongo unatanuka hapo tu na kupasuka. Makaa yaliyotulia ndiyo yake. Usimimine maji baridi kikiwa cha moto, wala usikioshe kwa sabuni: kitainywa na kukurudishia kwenye maharage.

Mtungi wa maji usiupake chochote, si uji wala mafuta. Unapoozesha kwa sababu maji yanapenya taratibu na kukauka nje. Ukiziba vinyweleo, utabaki na ndoo nzito. Jasho juu ya mtungi ni dalili njema. Matone yanayodondoka chini ndiyo kasoro, na hiyo ungeigundua Lyulilo kwa kuujaza maji na kuuacha dakika chache kabla ya kulipa.